Boriti haipindi hata mm 2, hesabu ya mkono inasema 4.76. Kosa liko wapi?

boriti_50x10
Wakuu, naombeni macho yenu. Boriti ya chuma, urefu mm 500, upana 50, kimo 10. Upande mmoja umeshikwa, ncha ya pili inabeba N 100 kwenda chini. E (ugumu wa chuma chenyewe) ni MPa 210,000, uwiano wa Poisson (chuma kikivutwa kinasinyaa upana kiasi gani) 0.3. Kwa mkono, PL³/3EI (P mzigo, L urefu, I ya umbo la mkato) inatoa mpindo wa mm 4.76, na mkazo ni MPa 60 kwenye shina, yaani upande ulioshikwa. CalculiX, programu ya kukokotoa kwa elementi, haifiki hata mm 2. Meshi (boriti iliyokatwa vipande, yaani elementi) ni ya C3D8, tofali lenye nodi (pointi) nane za pembe, kila elementi mm 25 kwa urefu, moja tu kwenye kimo. Vipimo viko sawa, na jumla ya nguvu za kwenye mashikio ni N 100 kamili. Nikiweka C3D8R, tofali hilohilo lenye pointi moja tu ya kukokotoa, boriti inalegea kama mlenda. Nini hiki?

nodi_huru
Hapo elementi inajifunga, mkuu. C3D8 ina kingo zilizonyooka, haiwezi kupinda. Ukiilazimisha, inapinda kwa kujikata, na mkazo huo wa kukata ni wa bandia: unakula nishati ambayo ingeenda kwenye mpindo. C3D8R ina ugonjwa wa kinyume. Pointi yake ya kukokotoa ni moja, katikati kabisa, na katikati ya kimo mkazo wa kupinda ni sifuri. Kwa hiyo elementi inakunjwa bila kuhisi kitu. Kuza picha ya mpindo utaona zigizaga za saa ya mchanga.
Dawa: weka tabaka nne kwenye kimo.

Mkazo_Mkuu
Tabaka nne zitaiponya C3D8R. C3D8 hazitaisaidia kitu, na ushauri huu unarudiwa kila siku. Ugumu wa bandia unafuata mraba wa *urefu wa elementi kwa kimo cha boriti nzima*. Hapa ni 25/10, mraba wake 6.25, gawa kwa 2(1+0.3), unapata 2.4. Yaani juu ya ugumu halali wa 1 umebandika 2.4 wa bure. Kata kimo mara nne huku urefu ukibaki 25, ile 2.4 haitikisiki. Kinachotakiwa ni kufupisha: elementi za mm 2.5 kila upande zinashusha ziada hiyo hadi 0.024, ila sasa una elementi 16,000 kwa kipande cha chuma kinachobebeka mkononi.

Tumia C3D20R, tofali la nodi 20 ambalo kingo zake zinaweza kupinda. Meshi yako hiyohiyo, tabaka moja, itafika 4.7 na kitu. C3D8I, yaani C3D8 iliyoongezewa uwezo wa kupinda, nayo inafaa mradi elementi ziwe za mstatili. Zikipinda pembe, inaharibika. Ukilazimika kutumia piramidi za pembe tatu, chukua C3D10 (nodi 10). C3D4 (nodi 4) usiiguse.

boriti_50x10
Asante mkuu, C3D20R imekubali. Ila mkazo kwenye shina umevuka 60, na kila nikisaga meshi iwe ya elementi ndogo zaidi unapanda.

Mkazo_Mkuu
Hautatulia huo. Umeshika nodi zote za uso kwa mielekeo yote mitatu, kwa hiyo chuma kinachotaka kusinyaa na kutanuka kwa upana kimezuiwa, na kwenye kingo za uso ule nadharia yenyewe inatoa mkazo usio na kikomo. Soma mbali na ukuta, angalau kimo kimoja au viwili. Kwenye mm 20, hesabu ni 100 × 480 ÷ 833.3 (hiyo ni upana × kimo² ÷ 6), sawa na MPa 57.6. Linganisha na hiyo.

nodi_huru
Nimesahihishwa, na haki yake. Niongeze moja: kama N 100 umeigawa sawasawa kwa nodi za ncha, kwenye C3D20R ni kosa. Mzigo ulioenea sawa kwenye uso wa nodi nane unazipa nodi za katikati ya kingo 1/3 kila moja, na za kwenye pembe *hasi* 1/12. Acha programu igawe, weka mzigo wa uso. Mpindo wa ncha hautabadilika sana, lakini mkazo wa pale penye mzigo utakuwa takataka.

boriti_50x10
Kumbe! Niligawa sawasawa. Narekebisha sasa hivi.