Mjadala: Je, ofisi za Kihispania ziache kutenganisha señora na señorita?

Mwanzisha mada:
Waungwana, natoa hoja kwamba Kihispania cha ofisini kiachane na señorita, anavyoitwa mwanamke asiyeolewa, na kila mwanamke mtu mzima aandikwe señora, anavyoitwa aliyeolewa, awe ameolewa au hajaolewa. Mwanamume ni señor, yaani bwana, tangu ujana hadi kaburini, wala hakuna karani anayemuuliza kama ana mke. Neno señorito, umbo la kiume la señorita, lipo, ila watumishi walimwitia mtoto wa bwana wao, na leo mtu mzima akiitwa hivyo huelewa kwamba anasemwa kuwa amedekezwa na hajui kazi. La ajabu zaidi ni kwamba Hispania mwanamke akiolewa habadilishi majina: hubaki na la ukoo wa baba na la ukoo wa mama kama alivyozaliwa, hivyo ndoa yake haionekani popote kwenye anwani ya barua isipokuwa pale Srta. (kifupi cha señorita) inapogeuka Sra. (kifupi cha señora). Sheria iliyomtaka mke apate idhini ya mumewe ilifutwa huko mwaka 1975. Ujerumani Magharibi iliondoa Fräulein, señorita ya Kijerumani, katika shughuli za serikali mwaka 1972, na Ufaransa ikaondoa mademoiselle, señorita ya Kifaransa, kwenye fomu zake mwaka 2012.

Mchangiaji wa kwanza:
Ndugu mwanzisha mada, unaipima lugha nzima kwa fomu. Huko Argentina watoto humwita mwalimu wao seño, kifupi cha señorita, hata kama ana wajukuu. Katika nchi nyingi za Amerika ya Kilatini mteja humwita muuzaji asiyemjua señorita bila kuwaza habari za pete, na msichana akiitwa señora hununa, kwa kuwa anasikia anaambiwa amezeeka. Huo ni upole wa watu wenyewe, nao hauondolewi kwa waraka.

Mwanzisha mada:
Darasani na dukani sijagusa, ndugu yangu. Lakini huko kununa kunathibitisha kwamba maneno haya mawili yanapima umri na ndoa kwa pamoja, jambo ambalo señor halifanyi. Doña, neno jingine la heshima kwa mwanamke, angalau haiulizi ndoa; hutangulia jina la kwanza, kama Wanikaragua walivyomwita Rais Violeta Chamorro, mjane aliyeshinda uchaguzi wa mwaka 1990, doña Violeta. Nakiri kwamba nayo ina kasoro zake, maana zamani ilikuwa ya wenye nasaba, na siku hizi baadhi ya wanawake huiona ni ya vikongwe.

Mchangiaji wa pili:
Naomba kuuliza jambo moja. Mama wa miaka 60 ambaye hakuolewa, na anayejitambulisha kwa fahari kuwa ni señorita, mtamwandikaje?

Mwanzisha mada:
Aandikwe anavyotaka mwenyewe. Ninachokipinga ni karani kumchagulia kwa kuangalia kidole chake.