Binti yangu yuko mkondo wa amali, fani ya umeme: je, atafika chuo kikuu?

Mzazi, Dodoma
Habari za jioni, walimu na wazazi wenzangu. Binti yangu anasoma mkondo wa amali, yaani sekondari yenye mafunzo ya ufundi, fani ya umeme, chini ya mtaala ulioanza kutumika Januari 2024. Yeye mwenyewe ameipenda, lakini baba zake wadogo wanashikilia kwamba huko hupelekwa walioshindwa masomo, na wanataka nimhamishie mkondo wa jumla. Akihitimu atakuwa na cheti gani, na njia ya kuendelea ikoje?

Mwalimu wa karakana
Ndugu mzazi, usimhamishe kwa sababu hiyo. Masomo ya jumla atatahiniwa na NECTA (Baraza la Mitihani), na umahiri wake wa fani utathibitishwa na NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Kutoka hapo anaweza kuomba chuo cha ufundi, kama vile DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha, akapanda ngazi za tuzo za ufundi, NTA, kutoka ya 4 hadi ya 6, ambayo ndiyo stashahada, na mwenye stashahada yenye ufaulu mzuri huomba shahada ya uhandisi. Shule za ufundi kama Ifunda, Moshi na Tanga zilikuwa zikilea mafundi na wahandisi zamani sana kabla ya mtaala huu. Kinachowakwamisha wengi ni Hisabati. Hilo ndilo la kumsimamia kila jioni, kwa kuwa vyuo vya uhandisi huliangalia kwanza.

Fundi umeme, Mwanza
Naunga mkono, ila mzazi aende akaione karakana kwa macho yake. Niliwahi kupokea kijana wa mazoezi aliyeeleza vizuri kabisa kazi ya sakiti breka (swichi inayokata umeme kukiwa na hitilafu), lakini alipopewa waya wa milimita 2.5 aunge kwenye soketi, alimenya hadi akakata nyuzi za shaba, kwa sababu shuleni walikuwa wakitazama tu mwalimu akifanya. Uliza wanafunzi wangapi hutumia ubao mmoja wa mazoezi, na kama kuna kipimo cha insulesheni, yaani cha kupima kama gamba la waya linazuia umeme kuvuja, kinachofanya kazi. Fahamu pia kwamba kufunga umeme majumbani kunahitaji leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, kwa hiyo vyeti vyake avitunze vyote.

Mzazi, Dodoma
Nawashukuru sana. Wiki ijayo nitaomba nafasi ya kuiona karakana wakati wa kipindi cha vitendo, na nitakwenda na mmoja wa wadogo zangu.