Fohendi ya binti yangu imegoma: nimbadilishie kocha? (Tanga)

Mzazi wa Sahare
Wakuu, salaam. Naomba ushauri kwa wanaoujua mchezo wa tenisi, maana nimefika mahali sioni njia.

Nina binti wa miaka 13, yuko kidato cha kwanza. Ana mwaka mmoja na miezi miwili tangu aanze, anacheza kwenye kiwanja kimoja cha saruji upande wa Raskazone. Bekihendi yake, pigo la upande wa kushoto, ni nzuri, anapiga kwa mikono miwili na mpira unakwenda anakoutaka. Sevisi inakuja kidogo kidogo. Kinachonitesa ni fohendi, pigo la upande wa mkono wa kulia. Mpira mmoja unazama netini, unaofuata unaruka mpaka kwenye uzio bila kudunda. Huu mwezi wa tatu.

Kocha wake ukimuuliza anasema "tulia, itakuja". Wiki tatu zijazo kuna mashindano ya watoto Dar na nauli nimeshatenga. Je, kocha wa namna hii anafaa? Kuna anayemjua mwingine hapa Tanga anayefundisha kwa kueleweka? Natanguliza shukrani.

Pweza Mkavu
Mkuu, kama inaruka upande wa bahari, hapo mnawatupia samaki tu. Mnunulie bao, kete haziruki uzio.

Dada wa Makorora
Kaka yangu, usikasirike, nitasema la moyoni. Kidato cha kwanza ndipo mtoto anapokutana na karibu masomo yote kwa Kiingereza. Akitoka shule anakwenda kiwanjani, akirudi amechoka, daftari analifungua saa ngapi? Mimi nilicheza netiboli mpaka timu ya mkoa. Mwalimu wetu alikuwa akikemea kuanzia filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Nilikuwa naudaka mpira huku nimeshaanza kulia. Mpaka leo nikisikia filimbi tumbo linakaza. Mwulize mwanao kama anaupenda huo mchezo, hilo ndilo la kwanza.

Mzazi wa Sahare
Dada, asante, ila anaupenda. Masomo yanakwenda vizuri. Naomba turudi kwenye fohendi.

Fundi Nyuzi
Mkuu, mimi kazi yangu ni kufunga nyuzi za raketi, nipo Dar. Nijibu haya: raketi yake gramu ngapi? Mipira mnayotumia ikoje? Na raketi anaishikaje?

Nauliza kwa sababu maelezo yako yana jambo lisilo la kawaida. Mtoto mwenye kosa moja hukosea upande mmoja. Akifungua uso wa raketi, yote inaruka. Akiufunga, yote inaingia netini. Wako anakosea juu na chini, kwa zamu. Mara nyingi hiyo ni dalili ya mapigo mawili ndani ya mkono mmoja.

Mzazi wa Sahare
Raketi gramu 270, ya kwake mwenyewe. Mipira ni ya kawaida, imechakaa kiasi. Mshiko ni wa kawaida.

Fundi Nyuzi
"Wa kawaida" haupo, mkuu. Mpini wa raketi una pande nane. Upande wa juu kabisa uhesabu namba moja, kisha nenda kulia. Kwa anayetumia mkono wa kulia, kifundo cha chini cha kidole cha shahada kikikaa upande wa pili, huo ni kontinentali, tunautumia kwenye sevisi. Upande wa tatu ni isteni. Wa nne ni semi-westeni, ndio ulioenea kwa wachezaji wa siku hizi. Wa tano ni westeni kamili, kiganja kinakuwa chini ya mpini. Kila mshiko una mahali pake pa kuukuta mpira: isteni usawa wa kiuno, westeni juu zaidi na mbele zaidi. Mtazame leo akicheza kisha uniambie ni namba ngapi.

Mzee wa Katani
Wanangu, mmenikumbusha mbali. Mimi nimekulia shamba moja la mkonge njia ya Muheza. Mabwana shamba walikuwa na kiwanja chao cha tenisi, na sisi watoto kazi yetu kuokota mipira. Jioni wakiondoka tunachonga kibao cha mnazi, tunacheza na mpira uliokwisha manyoya. Hapakuwa na wa kutufundisha. Nilikuwa nautazama mguu wa bwana mmoja mfupi, hakuwa na nguvu lakini hakosei. Mpira ukivuka tu neti, bega lake limeshageuka. Wenzake wanageuka mpira ukishadunda. Nikamwiga bega, raketi ikafuata yenyewe. Baadaye katani ikaanguka bei, shamba likalala, kiwanja kikaota majani. Nikipita pale naona nguzo moja tu.

Mzazi wa Sahare
Shikamoo mzee wangu, asante kwa historia.

Fundi, nimetazama. Akiwa na kocha anashika namba tatu. Jioni anashika namba tano.

Fundi Nyuzi
Jioni yupo na nani?

Mzazi wa Sahare
Na mimi.

Ngoja nieleze vizuri, maana naona mtanihukumu. Sijawahi kufundishwa tenisi, lakini nimejifunza kwa bidii kupitia video kwenye simu, miezi mitatu sasa, kila usiku. Wakubwa wanapiga mpira unaozunguka sana, unapita juu ya neti halafu unashuka. Kocha anamfundisha pigo la bapa, lisilouzungusha mpira, la kizamani. Kwa hiyo kila jioni uani namchezesha mapigo mia mbili bila mpira, mshiko wa westeni, kiwiko juu, kiganja kinaufunika mpira. Siku za mazoezi na kocha nasimama kwenye uzio namkumbusha. Si kwa ubaya.

Na kweli niseme yote: kocha nimeshamwandikia ujumbe kwamba kuanzia Jumatatu asije. Nilitaka kujua kama nimefanya sawa. Msisahau Richard Williams naye hakuwa kocha, aliwafundisha wanawe Venus na Serena mwenyewe, leo dunia nzima inawajua.

Dada wa Makorora
Subhanallah. Yaani swali lilikuwa "kocha anafaa?" kumbe kocha ameshafukuzwa.

Mwalimu wa Viungo
Kaka, mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari, nimecheza tenisi tangu chuo. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nimeguswa.

Nianze na Richard Williams. Ni kweli aliwaanzishia wanawe kule Compton. Lakini mwaka 1991 aliihamisha familia mpaka Florida ili mabinti wakafunzwe na kocha Rick Macci. Venus alikuwa na miaka 11 hivi, Serena mdogo zaidi. Yule baba alijua mahali pa kumpisha mwingine. Ukimtaja, mtaje mpaka hapo.

Sasa hilo neno "funika". Mpira unakaa kwenye nyuzi kwa takribani milisekunde 4 au 5. Kope yako haijaanza kushuka, mpira umeshaondoka. Hakuna binadamu wa kuufunika kwa kiganja ndani ya muda huo. Ule mkono unaouona kwenye video umegeuka baada ya mpira kwenda zake. Mzunguko unapatikana kabla: raketi inashuka chini ya usawa wa mpira, kisha inapanda kuelekea mbele na juu huku uso wake umesimama karibu wima. Binti akijaribu kufunika kwa makusudi, uso unafunga mapema na mpira unaingia netini. Akiogopa neti, anaufungua, unaruka. Ndiyo ile zamu aliyoisema Fundi.

Pigo la kocha wako si la kizamani. Isteni ni msingi halali, na kutoka hapo mtoto anasogea taratibu kwenda semi-westeni mkono ukikomaa. Westeni kamili kwa mtoto wa mwaka mmoja ni mzigo, hasa akijiwa na mpira wa chini.

Fanyeni hivi. Tupa mipira kwa mkono, usimpigie. Simama kando yake, udondoshe mpira mbele ya nyonga yake ya kushoto, aupige baada ya kudunda. Mkono wake wa kushoto ukae kwenye shingo ya raketi mpaka bega ligeuke, kama yule bwana wa Mzee wa Katani. Funga kamba kwenye fito mbili, ipite karibu mita moja juu ya neti. Mwambie kitu kimoja tu: pitisha juu ya kamba, udondoke ndani. Usimtajie kiwiko wala kiganja. Mtoto akipewa shabaha, mwili unajipanga wenyewe. Akipewa orodha ya viungo, anaganda.

Apige kwa mshazari. Neti katikati ina sentimita 91.4, kwenye nguzo 107, na mshazari wa kiwanja cha mmoja kwa mmoja unakaribia mita 25.15 wakati moja kwa moja ni 23.77. Yaani neti iko chini na uwanja ni mrefu zaidi. Kwa nini umnyime? Na kama mnaweza, tafuteni mipira yenye doa la kijani. Inakwenda polepole kwa robo hivi kuliko ya kawaida, inampa nafasi ya kujipanga. Kusi likishika hapo Raskazone utaona faida yake.

Mzazi wa Sahare
Mwalimu, nimekuelewa, lakini wiki tatu ni chache. Nikianza upya sasa si nitamvuruga zaidi? Nilifikiri nimalize na mshiko wangu, baada ya mashindano ndipo tuangalie. Na video zile zinatoka kwa makocha wakubwa.

Mwalimu wa Viungo
Makocha wakubwa hawakumwona mwanao. Wa kwake amemwona mwaka mzima.

Mchunguzi Huru
Samahani wadau, mimi hii naiona chai. Baba hajawahi kushika raketi lakini anajua upande wa tano wa mpini. Mtoto ana bekihendi ya mikono miwili "inakwenda anakotaka" baada ya mwaka mmoja. Kiwanja hakina jina, kocha hana jina. Nyuzi za namna hii mwishoni hutokea mtu anasema "njoo inboksi nina kocha mzuri". Mleta mada ndiye kocha, anatafuta wateja. Weka picha ya kiwanja.

Pweza Mkavu
Chai yenyewe ya tangawizi, bado haijapoa.

Mzazi wa Sahare
Pande za mpini nimeelezwa na Fundi hapo juu, soma uzi. Majina siweki. Kocha ana familia, na nimemkosea, siwezi kumwanika. Picha ya mtoto siweki. Ukitaka, taa ya nguzo ya upande wa bahari haiwaki, ndiyo maana tunamaliza kabla ya magharibi. Sina cha kuuza.

Mchunguzi Huru
Taa isiyowaka Tanga nzima ipo.

Chumbageni Juu
Jamani ngojeni. Mimi napita pale na baiskeli kila jioni nikitoka kazini. Kuna mzee mmoja wa kofia nyeupe, husimama nje ya uzio amezishika waya kwa mikono miwili, anasema "funika, funika mama, funika". Ndiye wewe?

Mzazi wa Sahare
Ndiye mimi.

Chumbageni Juu
Basi Mchunguzi, si chai. Na wewe mzee wangu, niwie radhi, nina neno. Tenisi siijui, ila nimesimama mara mbili tatu kumtazama yule binti kwa sababu anakimbia vizuri. Akija mpira wa mkono wa kushoto, anautazama mpira. Akija wa mkono wa kulia, anageuza uso kwanza kukutazama wewe, halafu ndipo anapiga. Nilidhani ndiyo sheria ya mchezo.

Fundi Nyuzi
Duh.

Dada wa Makorora
Nimesoma hiyo mara mbili. Kaka, hapo usijibu haraka.

Mchunguzi Huru
Naomba radhi kwa mleta mada. Nimeshaona nyuzi nyingi za uongo, nikakuweka kundi moja nao.

Mzazi wa Sahare
Samahani kwa kimya cha siku nne.

Nilipoisoma ya Chumbageni nilikataa. Nikasema huyu anapita na baiskeli, ataona nini. Jumamosi nikaenda, nikakaa kwenye benchi la nyuma chini ya mwarobaini, sikusema neno. Nilimwomba kijana mmoja wa pale amtupie mipira kwa mkono, na tulifunga kamba kwa fito kama Mwalimu alivyosema. Mipira kumi ya mwanzo alikuwa anautafuta uzio kwa macho. Kila mpira. Nimeona kwa macho yangu, na kifua kiliniuma.

Mpira wa kumi na mbili au kumi na tatu aliacha kugeuka. Tulihesabu arobaini. Iliyopita juu ya kamba na kudondoka ndani ni kumi na tisa, na mingi kati ya hiyo ni ya mwishoni. Iliyoingia netini ilikuwa minne tu. Mshiko alichagua mwenyewe. Nimeuangalia nyumbani, ni katikati ya tatu na nne.

Njiani akaniuliza, "Baba, leo umenikasirikia?" Nikamwambia hapana. Akaniuliza kwa nini sasa sikuongea.

Kocha nimempigia simu, si ujumbe. Nimemwomba radhi. Hakunijibu mengi, amesema Alhamisi atakuja, na ameomba nimkute kiwanjani nusu saa kabla ili tukubaliane maneno ya kumwambia mtoto. Dar tutakwenda, nauli ipo, akifungwa raundi ya kwanza atakuwa amecheza.

Mapigo mia mbili ya uani nimeyasimamisha. Fundi, ile mipira ya doa la kijani Dar inapatikana kwa shilingi ngapi, na unaweza kunitumia kwa basi la asubuhi?

Fundi Nyuzi
Ninayo dazeni moja iliyotumika kidogo, hiyo sikuuzii, chukua. Nitumie jina la atakayeipokea stendi kwa inboksi.

Pweza Mkavu
Mzee, na ukutani ajaribu. Apige mshazari tu, bahari ibaki na samaki wake.