Kanda za hadithi za marehemu babu: nizihamishe vipi kabla hazijafa?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nimekulia Kongwa, kwenye nyumba isiyo na umeme. Hadithi nilizipata kwenye redio kaseti ya babu, ile ya betri kubwa nne. Alirekodi vipindi vya Radio Tanzania, na siku nyingine alijirekodi mwenyewe akisimulia kwa Kigogo, mara sungura, mara fisi, huku mbuzi wakilia nyuma. Betri zikichoka sauti inaburuta, sungura anaongea kama fisi! Tulizianika juani zipate uhai. Mpaka leo nikipanda basi la Dar, lazima niwe na kitabu cha sauti kwenye simu.

Sasa ninazo kanda 14 za dakika 60. Moja imeshaliwa na redio; nikairudisha kwa penseli, lakini utepe una mikunjo. Fundi mmoja hapa Dodoma mjini anataka kuzigeuza MP3 (faili dogo la sauti lililobanwa) moja kwa moja, halafu kanda nimwachie. Hapo nilikataa. Najua WAV, faili la sauti lisilobanwa, haipunguzi ubora wa sauti, ila dakika moja inakula kama MB 10, yaani kanda moja karibu MB 600.

Naomba ushauri. Nihifadhi kwanza WAV, kisha nitoe nakala za MP3 za kusikiliza? Na ule utepe wenye mikunjo, kuna aliyewahi kuunyoosha bila kuuharibu? Binti yangu ana miaka sita, Kigogo hajui hata salamu. Nataka amsikie babu.