Msaada wa haraka: "threw out" maana yake nimefukuzwa chuo?

Kamongo (mleta mada): Wakuu, nipo Nyegezi. Kiongozi wa darasa kanitumia ujumbe jana usiku, una maneno "threw out". Kamusi ya simu inasema kufukuza. Godoro nimeshalifunga kamba, kesho napanda meli ya Nansio nirudi nyumbani Ukerewe. Nimwambieje mama?

Mama Dagaa: Pole mwanangu. Mimi mwenye nyumba alinitolea vyombo nje kule Igoma, mvua inanyesha, sufuria ya uji bado ya moto. Nikahamia kwa dada Mabatini. Mama mwambie ukweli. Atalia, kisha atakupikia.

Afande Mstaafu: Waingereza wana maneno mengi ya kufukuzana. "Kick out" ni ya mtaani, barua ya ofisi huandika "expel", mpangaji ni "evict", mchezaji wa kadi nyekundu ni "send off". Halafu "drum out": zamani jeshini kwao askari aliyejifedhehesha alitolewa kambini kwa kupigiwa ngoma. Nidhamu, vijana!

Mwl. Kirumba: Weka sentensi nzima. Kimetupwa nini?

Kamongo: Mwalimu, sentensi haisaidii. Nauli nimeshakopa.

Mwl. Kirumba: Iweke.

Kamongo: "They threw out your case." Haya. Ni kesi ya mtihani, karatasi yenye majibu iliokotwa chini ya kiti changu. Si yangu.

Mwl. Kirumba: Ndugu yangu! Ungefukuzwa wewe ingekuwa "they threw you out". Hiyo "you" lazima ikae katikati, hakuna "threw out you". Hapa kilichotupwa ni kesi. Wameitupilia mbali, kama mahakama inavyotupa shauri lisilo na ushahidi. Umeshinda!

Jiwe la Ziwani: Hii chai. Kamati gani inakaa usiku? Na mwezi jana ulisema unauza sato Mwaloni.

Kamongo: Nauza Jumamosi, ndiyo ada yangu hiyo. Kamati ilikaa mchana, ujumbe ndio wa usiku. Mwenyekiti alinitazama vibaya, nilikuwepo. Naona niende tu.

Mama Dagaa: Sato kilo shilingi ngapi siku hizi?

Mwl. Kirumba: Kesho saa mbili uwe kwa mshauri wa wanafunzi, uisome barua kwa macho yako. Ukiona "expelled", ndipo upande meli.

Kamongo: Godoro liko bandarini tangu saa kumi.