Baba tumemzika jana, mdogo wangu yuko Muscat hajui. Nimwambieje?

Kaka Mkubwa:
Assalam aleikum ndugu zangu. Naandika nikiwa barazani kwetu Pangani, wageni wa matanga wamelala ndani. Baba alikata roho jana alfajiri, tukamzika baada ya alasiri. Mdogo wangu wa kike yuko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa pili huu. Simu anaishika usiku tu akishamaliza kazi, kwa hiyo mchana kutwa hatukumpata, na maiti haingoji.

Shangazi, dada yake baba, kasema asiambiwe mpaka mkataba uishe, bado miezi minne. Anasema mtoto yuko peke yake nyumba ya watu, akianguka nani atamshika? Mama kaanza eda, hasemi kitu, analia tu. Mdogo wangu ndiye anayetuma hela ya dawa ya presha ya baba kila mwisho wa mwezi. Jana usiku alipiga mara tatu, sikupokea. Leo atapiga tena. Naombeni ushauri.

Bint Mkwaja:
Pole sana kaka, Mungu amrehemu mzee. Mimi nilifichwa. Mama alifariki nikiwa Doha, nikaambiwa amelazwa. Siku 37 natuma hela ya hospitali, naomba nisikie sauti yake, naambiwa kalala, mara koo linamuuma. Nikajua kwa status ya binamu yangu, anaalika watu arobaini ya mama yangu. Ni miaka sita sasa. Msiba nimeshaupokea, lakini mpaka leo dada zangu wakiniambia jambo, nampigia mtu wa pili kuhakikisha. Mwisho wa mwezi ukifika, hiyo hela ya dawa utaipokea?

Mzee wa Bandarini:
Tusimbeze shangazi. Mpwa wangu aliambiwa habari ya msiba akiwa jikoni, mafuta yako motoni, akaungua mkono. Upweke anaousema shangazi ni wa kweli. Ila miezi minne, hapana.

Ummu Salma:
Poleni wafiwa. Nilifanya kazi Oman miaka mitano, nakwambia nilivyoona. Saa za kule zimetangulia moja, saa nne usiku yenu kwake ni saa tano, muulize kwanza kama yuko chumbani na ameshafunga mlango. Kabla ya hapo tafuta mtu wa kwetu aliye kulekule, ajue, ampigie ukishakata. Na vijana wafute picha za mazishi kwenye status sasa hivi, usingoje jioni.

Usimwandikie, zungumza naye. Usimwambie baba yu mahututi eti umtayarishe, atakesha akitafuta tiketi. Sema Inna lillahi, ataelewa, halafu nyamaza umwache alie. Asipotaka kukata, msikate. Baadaye mwambie anaweza kumswalia baba swala ya ghaibu hukohuko alipo, sisi Mashafii tunaiswali. Mtu aliyekosa mazishi anahitaji kitu cha kumfanyia marehemu wake.

Kaka Mkubwa:
Ahsanteni sana. Bint Mkwaja, swali lako la hela ya dawa ndilo lililoniamsha kitini. Nakwenda kwa shangazi, sitaki kumpitia kwa nyuma.

Kaka Mkubwa:
Nimerudi. Nilimwambia shangazi nitampigia mbele yake. Hakujibu, akasogea tu kwenye mkeka akakaa karibu yangu. Nilipotamka Inna lillahi, mdogo wangu akauliza, "Baba?" Nikasema ndiyo. Akalia muda mrefu sana, kwa sauti ya chini, nadhani aliziba mdomo na kanga ili wenye nyumba wasisikie.

Kisha akataka kujua nani alimwosha, na kama tumemlaza karibu na bibi. Hapo shangazi akanichukulia simu mkononi, akamjibu yeye mwenyewe, neno kwa neno, hadi sanda ilikonunuliwa. Bando limeisha katikati, kijana wa jirani kakimbia kufuata vocha. Sasa hivi mdogo wangu yuko na mama kwenye simu.