Mshipa upi uko mbele? CT ndani ya miwani ya VR

Swali: Wakuu, nimepakia CT (picha za eksirei za tabaka kwa tabaka) ya mishipa ya ubongo kwenye miwani ya VR (uhalisia pepe). Nikiipa uwazi nusu, pale mishipa miwili inapopishana sijui upi uko mbele. Macho yote mawili yanaona, sasa shida nini?

Jibu: Shida ni huo uwazi wenyewe. Kitu kikiziba kingine, ubongo unajua kipi kiko karibu. Ukikifanya kipenye macho kama kioo, umeunyang'anya ubongo ushahidi. Punguza uwazi, ongeza vivuli. Halafu sogeza kichwa kushoto na kulia: cha karibu hukimbia zaidi.

Jibu: Pima pia umbali kati ya mboni zako. Wastani kwa watu wazima ni kama milimita 63. Lenzi za miwani zisipolingana na umbali wako, kina kinadanganya.

Muulizaji: Vivuli vimesaidia kiasi. Kusogeza kichwa ndiyo kiboko, wa nyuma umejitenga papo hapo!